Mwisho wa "Love Actually" Machoni pa Mtazamaji wa Bunia

"Love Actually", filamu ya mapenzi na vichekesho iliyoandikwa na kuongozwa na Richard Curtis mwaka 2003, inafuata visa kadhaa vya mapenzi jijini London katika majuma matano ya kuelekea Noeli. Kwa kawaida mwisho wake huhesabiwa kuwa ni uwanja wa ndege wa Heathrow, mwezi mmoja baada ya sikukuu, ambako wahusika wanakumbatiana. Lakini pale wanaagana na watazamaji tu. Kisa kinachofika tamati hasa ni cha Jamie na Aurélia, na mtazamaji wa Bunia, mji wa Ituri nchini Kongo (DRC), hukitambua upesi.

Jamie, mwandishi Mwingereza, na Aurélia, Mreno aliyemfanyia kazi za nyumbani huko Ufaransa, hawakuwa na lugha moja. Usiku wa kuamkia Noeli Jamie anafika Marseille, anabisha hodi kwa baba wa binti na kuposa kwa Kireno cha kubabaisha. Mzee anadhani anayeposwa ni Sophia, dada mtu, na yuko tayari hata kulipa ili achukuliwe. Mambo yanapoeleweka, baba, dada na majirani wanaandamana hadi mkahawa anakofanya kazi Aurélia. Jamie anatoa ombi lake mbele ya umati. Aurélia anajibu kwa Kiingereza, ambacho naye alikuwa akijifunza bila Jamie kujua.

Sheria ya Familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987, kifungu cha 361, inataka mume mtarajiwa na familia yake wapatane na wazazi wa mke kuhusu mahari, na ndoa haifungwi kabla ya walau sehemu yake kutolewa. Kwa hiyo Bunia busu halimalizi kitu. Kinachosubiriwa ni wazee: nani ametumwa, nani amempokea, wametaja nini. Curtis anaipindua desturi, maana mposaji hana mshenga na baba ndiye anayetaka kulipa; hata hivyo, neno la Jamie linapata uzito kwa kusikiwa na ukoo na mtaa mzima.

Kwa kipimo hicho visa vingine vinapwaya. Mark anamfungulia moyo Juliet, mke wa rafiki yake, kwa maandishi ya kimyakimya mlangoni huku mume yumo ndani. Ungamo la namna hiyo haliwezi kuzaa kitu. Sarah analikosa penzi kwa kumhudumia kaka yake mgonjwa, na Heathrow hayumo kabisa. Ituri huenda angesifiwa kuliko kuhurumiwa. Karen, aliyegundua kwamba mkufu ulinunuliwa kwa ajili ya mwanamke mwingine, anampokea mumewe Harry kwa adabu baridi mbele ya watoto. Filamu haisemi kama ndoa hiyo imepona, na sababu yake inaonekana: ugomvi umebaki kati ya wawili. Karen ni dada wa waziri mkuu wa nchi, lakini hakuna mahali anapoonyeshwa akimweleza kaka yake neno, wala ndugu wa Harry aliyeitwa kuketi nao.