Sanidi, usanidi, faili la usanidi

sanidi kt ele. weka au rekebisha mipangilio ya programu au kifaa ili kifanye kazi kama mtumiaji anavyohitaji: *Fundi ameusanidi mzani wa kidijitali.* Mny. sanidia, sanidika, sanidiwa.

usanidi nm [u-] kitendo cha kusanidi. Pia jumla ya mipangilio iliyowekwa.

Tofauti ya maana. *Kusakinisha* ni kuingiza programu katika kompyuta. *Kusanifu* ni kubuni umbo na utaratibu wake. *Kusanidi* ni kuifanya programu iliyokwisha kusakinishwa ilingane na mahali inapotumika.

Faili la usanidi ni faili la maandishi linalohifadhi mipangilio hiyo nje ya programu yenyewe, ili mtumiaji aibadilishe bila kugusa msimbo. Tuseme kuna programu ya kupokelea samaki katika mwalo wa Kirumba, Mwanza. (*Mwalo*, wingi *mialo*, ni mahali pa ufukweni ambapo mitumbwi hushusha samaki, neno hilo ndilo lililomo katika jina la soko la Mwaloni.) Faili lake laweza kuwa hivi:

    [mzani]
    # sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kisheria
    urefu_wa_chini = 50
    chapa_risiti = ndiyo

*Mzani* ni jina la sehemu. *Urefu_wa_chini* ni ufunguo. *50* ni thamani. Mstari unaoanza kwa alama ya # ni maelezo kwa msomaji binadamu.

Kusoma. Katika lugha ya Python, faili la namna hii husomwa kwa maktaba iitwayo configparser. Maktaba hiyo hurudisha kila thamani ikiwa maandishi, hata pale jicho linapoona namba. Kipimo kinachoingizwa kwa kibodi nacho hupokewa kama maandishi, na maandishi hulinganishwa kama maneno yanavyopangwa katika kamusi, herufi kwa herufi. Kwa mpango huo “100” hutangulia “50”, kwa kuwa 1 hutangulia 5. Sangara wa sentimita 100 atakataliwa kuwa ni mdogo, na kichanga cha sentimita 9 kitapita. Dawa yake ni kuzigeuza thamani zote mbili ziwe namba kabla ya kuzilinganisha. Kwa thamani ya faili, amri ya getint hufanya kazi hiyo.

Neno *ndiyo* nalo lina mtego wake. Amri ya getboolean hutambua yes na no, true na false, on na off, pamoja na 1 na 0. Ikikutana na *ndiyo*, hutoa kosa. Hata hivyo, orodha ya maneno hayo, BOOLEAN_STATES, yaweza kubadilishwa na mwanaprogramu. Akiongeza *ndiyo* na *hapana*, mpokeaji samaki ataweza kusanidi kwa Kiswahili.

Kuandika. Kusoma na kuandika si safari ya kwenda na kurudi kwa njia ileile. Maktaba hii huyaruka maelezo inaposoma. Basi inapoandika upya, sehemu, funguo na thamani hubaki, lakini mstari wa # hupotea. Atakayelifungua faili kesho ataiona 50 bila sababu yake, na hatakuwa na la kumzuia kuandika 40. Sababu ya namna hiyo yafaa ihifadhiwe pia katika mwongozo wa programu.

Aidha, faili linapofunguliwa ili liandikwe upya, yaliyomo hufutwa kwanza. Umeme ukikatika wakati huo, laweza kubaki tupu. Njia salama ni kuandika faili la muda katika folda ileile, kulifunga, kisha kulibadilishia jina lichukue nafasi ya lile la zamani.

Ngeli. Makala hii imetumia *faili* katika [li-/ya-]: *faili hili, mafaili haya*. Wapo wengi wasemao *faili hii, faili hizi*. Mwandishi achague mojawapo na asizichanganye katika andiko moja.

Taz. pia mipangilio, msimbo, sakinisha, sanifu.