Nondo Isiyo ya Chuma

Muulize fundi wa Dar es Salaam nondo ni nini, atakujibu kwamba ni chuma. Msikilize akiagiza, utasikia jingine: nondo ya milimita 12, nondo ya 16, nondo za ringi. Anachotaja ni unene na kazi; chuma kinajulikana tu. Ndiyo maana sioni ubaya wa kusema "nondo ya titani".

Nondo hizo zipo. Mwaka 2014, huko Mosier katika jimbo la Oregon, Marekani, zilitumika kuimarisha daraja linalopita juu ya barabara kuu ya I-84, ambalo boriti zake za zege zilikuwa na nyufa. Mafundi walichonga mifuo kwenye uso wa zege, wakalaza humo nondo zilizokunjwa ncha, ncha zikazamishwa kwenye mashimo, kisha kila kitu kikashikwa kwa gundi ya epoksi.

Je, tuseme titani au titaniamu? Mjerumani Klaproth aliipa elementi hii jina mwaka 1795 kutokana na Matitani wa ngano za Wayunani, kwa hiyo anayesema "titani" yuko karibu zaidi na chimbuko. Wakenya waliosikia habari za machimbo ya titani ya Kwale, yaliyofungwa mwishoni mwa 2024, wamezoea ile ndefu. (Madini ya namna ile, kwa sehemu kubwa, huishia kwenye rangi nyeupe ya kuta, si kwenye madaraja.) Mimi nachukua fupi, kama tunavyosema dirisha la alumini.

Alumini yenyewe imo humo: aloi iliyozoeleka ina takriban asilimia 6 ya alumini na 4 ya vanadi, iliyobaki ni titani. Wapo wanaopendekeza "mchanganyiko" badala ya "aloi". Siwaungi mkono. Zege nalo ni mchanganyiko, na titani "iliyochanganywa" inanukia uchakachuaji.

Wasomaji wa Injili ya Mathayo wanamjua nondo mwingine, mdudu aliyetajwa pamoja na kutu kwa kazi ya kuharibu mali. Kwenye zege, kutu humla nondo mwenzake. Chumvi ikipenya hadi kwenye chuma, kutu huanza, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, zege hupasuka na kubanduka. Titani hujivika utando mwembamba wa oksidi ambao chumvi ya bahari haiuwezi.

Lakini neno ninalolipenda kuliko yote hapa ni ukakamavu. Wengi huandika "ugumu" na kumaliza, ilhali mambo ni matatu: ugumu ni kutokwaruzika, nguvu ni kubeba mzigo, ukakamavu ni kutonepa. Nondo ya aloi ya titani ina nguvu karibu mara mbili ya nondo ya kawaida, huku uzito wake ukizidi nusu kidogo tu. Ukakamavu wake, hata hivyo, ni gigapaskali 114 hivi dhidi ya 200 za chuma: kwa mzigo uleule hurefuka zaidi. Mhandisi anayeona "ugumu" kwenye ripoti hajui aogope lipi.

Kuna pengo moja bado. Nondo iliyolazwa kwenye uso wa zege la zamani si sawa na ile iliyofungwa kabla ya kumwaga zege, nasi hatuna jina la kuzitenganisha. Napendekeza "nondo ya mfuo".