Nyoka ndani ya mrija: jinsi plastiki ilivyofumbuliwa

Leo tuweke programu kando kidogo tuzungumzie plastiki iliyoyeyuka. Historia yake ina funzo kwetu sisi tunaopenda kuiga mambo ya dunia ndani ya kompyuta.

Plastiki ya jerikeni ni molekuli ndefu mno, kama tambi zilizosongamana sahanini. Mnyororo mmoja hauwezi kupenya katikati ya mwingine. Je, utabashiri vipi uji huo utakavyotiririka? Ukitaka kufuatilia kila mnyororo, utakesha.

Mwaka 1967, Sam Edwards, mwanafizikia mzaliwa wa Wales, aliyekuwa akichunguza mpira, alipata njia ya mkato: chukua mnyororo mmoja, kisha majirani wake wote wageuze kuwa mrija unaouzunguka. Mwaka 1971, Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes akaeleza jinsi mnyororo uliobanwa hivyo unavyotoka: unatambaa kama nyoka. Mwaka 1978, Edwards na Mjapani Masao Doi wakajenga juu ya hayo nadharia kamili ya mtiririko.

Lakini kulikuwa na kasoro. Hesabu ilisema ukirefusha minyororo mara 2, mnato huongezeka mara 8, yaani 2 kwa kipeo cha 3. Maabara zilipata kipeo cha takriban 3.4, yaani kama mara 10.5. Je, mrija utupwe? La. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Doi alionyesha kuwa ncha za mnyororo hujikunja na kujinyoosha kila wakati, hivyo hutoka mrijani mapema kabla nyoka mzima hajatambaa nje. Mnyororo mfupi hunufaika zaidi na jambo hilo, ndiyo maana tofauti yake na mrefu hupanuka.

Kompyuta zilikuja baadaye. Mwaka 1990, Kurt Kremer na Gary Grest waliiga minyororo ya shanga bila kuiambia kompyuta lolote kuhusu mrija, na mwendo wa mrija ukajitokeza wenyewe. Mwaka 1994, kikundi cha Steven Chu huko Stanford kilivuta DNA moja iliyotiwa rangi katikati ya nyingine nyingi. Walipoiachilia, ilirudi kwa kufuata njia yake ileile!

Sisi wenye mashine kubwa hudhani nguvu ndiyo dawa. Hawa walianza na kalamu na wazo moja, na ile 0.4 iliyobaki hawakuifagilia chini ya mkeka.

Haya, tukutane tena.