Kofta Isiyo na Nyama: Habari za Majina Mawili

Majina ya vyakula ni kama majina ya watu: mengine husifu, mengine husema kweli tu, na mengine husuta. Atakaye kujua jamii fulani ilikithamini vipi chakula chake, asichungulie chungu peke yake. Asikilize pia jina lililotajwa wakati wa kupakua. Insha hii yafuata habari za chakula kimoja kidogo, nacho ni donge la dengu, kunde, maharage au mboga, lililopondwa, likaungwa, likafinyangwa kwa mkono na kukaangwa, ili likae mahali pa donge la nyama. Siku hizi chakula hiki hupikwa majumbani katika nchi nyingi, na wengi hudhani kuwa ni uzushi wa juzi. Walakini si cha juzi. Vyakula vya kushika mahali pa nyama vimekuwapo kwa zaidi ya miaka elfu, na katika muda huo vimeitwa kwa majina ya namna mbili: majina yatajayo kazi ya mpishi, na majina yashitakiyo chakula kwa udanganyifu. Ni majina yapi kati ya hayo yaliyo ya haki? Swali hili laonekana dogo, lakini mwisho wake hufika mpaka kwenye sahani ya mtoto.

Tuanze na namna ya kwanza. Neno kofta limetoka katika lugha ya Kiajemi, na mzizi wake ni kitenzi chenye maana ya kuponda au kutwanga. Kwa asili yake, basi, kofta ni kilichopondwa. Neno halisemi kimepondwa nini. Latukuza mchi na kinu, latukuza mkono wa mpishi, nalo lanyamaza juu ya mnyama. Neno kababu, lililofika katika pwani yetu kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, wataalamu hulinasibisha na kuchoma au kukaanga kwa moto. Hata bajia, neno tulilopewa na Wahindi, lina asili katika kukaanga. Haya ni majina matatu ya jikoni, na hakuna hata moja ambalo ndani yake limo neno nyama. Moja ni jina la kinu, mawili ni majina ya moto.

Ni kweli kwamba wapishi wa zamani walipoyatumia majina hayo aghalabu walikusudia nyama. Katika kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 na Muhammad bin Hasan al-Baghdadi, mna vyakula vingi vya nyama iliyopondwa kwa viungo na kufanywa madonge. Kabla ya mashine za kusagia nyama kuenea katika karne ya 19, kazi hiyo ilikuwa nzito. Ilihitaji watumishi, muda, na mnyama wa kuchinjwa, na kwa hiyo donge laini la nyama lilikuwa dalili ya nyumba yenye neema. Hapo ndipo jina la kazi lilipoanza kugeuka katika mawazo ya watu likawa jina la mali.

Namna ya pili ya majina ilizaliwa katika mji ule ule wa Baghdad. Katika karne ya 10 Ibn Sayyar al-Warraq alikusanya mapishi ya wakubwa wa zama za makhalifa wa Bani Abbas. Humo alitenga nafasi kwa vyakula visivyo na nyama, walivyopikiwa wagonjwa, na walivyokula Wakristo katika siku za kufunga kwao. Vyakula hivyo viliitwa muzawwarat, maana yake vya kughushi. Mgonjwa alikatazwa nyama na tabibu, Mkristo alikatazwa na saumu yake, nao wote wawili waliletewa sahani iliyofanana na ile waliyonyimwa. Mpishi alikusudia kuwafariji. Mwenye kutoa jina aliona hila. Tangu wakati huo chakula cha mimea kikipewa umbo la nyama kimekuwa kikitembea na mashitaka haya: kwamba chajifanya kisicho.

Tuvuke sasa bahari kuelekea India, ambako kofta ilifika pamoja na wapishi na watawala waliotumia Kiajemi. Abul Fazl, mwandishi wa mfalme Akbar, aliandika mwishoni mwa karne ya 16 habari za jikoni la mfalme, akayagawa mapishi katika mafungu matatu, na fungu mojawapo lilikuwa la vyakula visivyotiwa nyama. Tena alisimulia kwamba Akbar mwenyewe alijizuia kula nyama katika siku maalumu. Nje ya jumba la mfalme walikuwako mamilioni ya watu ambao dini yao iliwaagiza waiache nyama maisha yao yote. Jikoni mwa watu hao neno la Kiajemi lilipata makao mapya. Mung'unya ulikunwa, ukakamuliwa maji, ukachanganywa na unga wa dengu na kufanywa kofta. Ndizi mbichi na fenesi bichi vilifanywa vivyo hivyo. Jina halikutaabika hata kidogo katika safari hiyo, wala halikuhitaji kuomba radhi. Lilikuwa limerudi katika maana yake ya kwanza: kilichopondwa.

Lakini katika nchi hiyo hiyo, upande wa Bengal, tunakikuta chakula kingine chenye jina la uchungu. Dengu hulowekwa, husagwa, hupikwa mpaka zikashikana, hukatwa vipande, hukaangwa, kisha hutiwa katika mchuzi wenye tangawizi na mvuje. Vipande hivyo huitwa dhoka, na neno hilo katika Kibengali ni udanganyifu. Mapishi haya yahusishwa sana na majiko ya wajane wa Kihindu wa matabaka ya juu. Mwanamke akifiwa na mume, hata akiwa bado kijana, desturi ilimpokonya samaki na nyama, ikampokonya vitunguu, vitunguu saumu na hata dengu nyekundu, kwa kuwa vyakula hivyo vilidhaniwa kuamsha tamaa ya mwili. Sheria ya kuwaruhusu wajane kuolewa tena, iliyopiganiwa na mwanachuoni Ishwar Chandra Vidyasagar, ilipita mwaka 1856. Ilifungua mlango wa ndoa, bali haikufungua mlango wa jiko. Basi wanawake hao, waliofungiwa karibu kila ladha, waliumba kwa dengu na viungo vichache mapishi ambayo leo hutamaniwa na watu wenye ruhusa ya kula chochote. Tukitafuta udanganyifu katika habari hii, hatutauona katika sahani. Mdanganyifu alikuwa yule aliyeita unyimaji kuwa ni utakatifu.

Ulaya nayo ilijifunza somo hili, si kwa saumu wala kwa ujane, bali kwa njaa. Kabla ya njaa hiyo walikuwako walioacha nyama kwa hiari: huko Uingereza chama chao kiliundwa Ramsgate mwaka 1847. Walakini vita vya 1914 hadi 1918 viliwalazimisha hata wasiotaka. Ujerumani ilizingirwa baharini, na katika majira ya baridi ya 1916 na 1917 watu wa mijini walikula mizizi waliyozoea kuwalisha mifugo. Katika mji wa Köln, Konrad Adenauer, aliyekuwa kwanza naibu kisha meya wa mji kuanzia 1917, na ambaye baadaye alikuwa Chansela wa Ujerumani Magharibi tangu 1949 hadi 1963, alibuni soseji iliyotiwa soya badala ya nyama. Katika nchi yake hakupata hati ya ubunifu, kwa kuwa kanuni hazikukubali kitu kisicho na nyama kiitwe soseji. Hati hiyo aliipata Uingereza, nchi ya adui, tarehe 26 Juni 1918. Hapa swali la jina lilitoka midomoni mwa watu likaingia katika daftari za serikali: wananchi wana njaa, chakula kipo, na jina lazuia njia.

Mambo hayo hayakwisha na vita. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba bidhaa za mimea zisiuzwe kwa majina ya maziwa na siagi. Mwaka 2020 Bunge la Ulaya lilikataa pendekezo la kuzuia majina kama soseji kutumiwa kwa vyakula vya mimea. Mwaka 2025 Bunge hilo likapiga kura ya kuunga mkono zuio la namna hiyo, ingawa kura yake peke yake si sheria. Wafugaji husema kwamba mnunuzi hudanganywa. Wauzaji wa vyakula vya mimea hujibu kwamba hakuna asomaye maneno "soseji ya soya" akatarajia ng'ombe. Si kazi ya mwanafunzi wa lugha kuwaamua wafanyabiashara, lakini ni kazi yake kuwakumbusha jambo moja. Hata neno la Kiingereza litumiwalo leo kwa nyama lilikuwa zamani na maana ya chakula cho chote. Majina huhama, anayedai kwamba jina limezaliwa na mali yake na aonyeshe cheti cha kuzaliwa.

Je, sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki tumesimama wapi katika shauri hili? Tuna kababu za nyama, na tuna bajia za kunde na za dengu, na vyote viwili huonekana katika sinia moja wakati wa futari. Bajia haikuitwa ya kughushi, wala haikulazimika kuiga jina la kababu. Inapendwa kwa kuwa ni bajia. Huu ni urithi wa busara. Hata hivyo, urithi huo una doa. Bajia tumeiruhusu kuwa kitafunio, lakini mgeni wa heshima akija, mwenye nyumba huona haya kumwandalia kunde, na hukopa ili aweke nyama. Twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji anayekopa kwa ajili ya kitoweo hakupona, ameugua. Haya hiyo haidhuru mfuko tu. Karibu robo ya uzito wa kunde kavu ni protini, na upungufu ulio katika protini ya kunde hukamilishwa na nafaka, kama vile wali, ugali au mkate. Nazo nafaka hukamilishwa na kunde. Mtoto aliyefundishwa kudharau kunde katika nyumba isiyoweza kununua nyama kila wiki amenyang'anywa chakula na neno.

Kwa kuwa heshima ya chakula huanza katika kukipika vizuri, na tuitazame kazi yenyewe. Nyama iliyopondwa na chumvi hunata, kwa sababu protini za misuli yake hushikana. Kunde hazina gundi hiyo, zina wanga. Mpishi akiloweka nusu kilo ya kunde usiku kucha, akazifikicha maganda yakatoka, akazichuja vizuri na kuzisaga zikiwa mbichi bila kuongeza maji mengi, wanga wake utavimba na kushikana utakapokutana na mafuta ya moto. Atie kitunguu kilichokatwa vidogo, saumu, giligilani, bizari nyembamba, pilipili na chumvi, aupige mchanganyiko mpaka uwe mwepesi, kisha afinyange madonge madogo, ili ndani yaive kabla nje hayajaungua. Lakini kunde au dengu zikichemshwa kwanza, wanga umekwisha kuvimba chunguni, na donge litavunjika katika mafuta lisipotiwa kishikizo: kiazi kilichopondwa, unga wa dengu, chenga za mkate au yai. Maharage mekundu yasisagwe kamwe yakiwa mabichi, maana yana sumu ya asili. Yalowekwe, maji yake yamwagwe, kisha yachemshwe kwa moto mkali kwa dakika 10 au zaidi, na yaendelee kupikwa mpaka yalainike, ndipo yapondwe. Anayetaka kuyatia madonge katika mchuzi kama kofta ayakaange kwanza, na ayatie karibu na wakati wa kula, yasije yakalegea.

Mwenye kuitazama kazi hiyo kwa makini ataona kwamba haina hila ndani yake. Kila hatua ni maarifa: kuloweka, kufikicha, kusaga, kupiga, kufinyanga, kukaanga. Ni maarifa yaliyokusanywa na wagonjwa, wafungao, wajane na wenye njaa, watu ambao walinyimwa kitu na hawakukubali kunyimwa na ladha pia. Kuyaita maarifa yao udanganyifu ni kuwaongezea msiba wa pili juu ya ule wa kwanza. Muzawwara na dhoka ni majina ya upande wa anayetazama kwa mbali. Kofta ni jina la upande wa aliyeshika mchi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: donge la kunde lililopikwa kwa ustadi halihitaji kusema uongo ili liliwe. Lahitaji tu kuitwa kwa jina la kazi iliyolifanya, na kuwekwa mbele ya mgeni bila haya.