Jina na Kuta

Msomaji, jina jipya halibomoi ukuta. Kwa sheria ya mwaka 1834, maskini wa Uingereza aliyekosa mtunzaji aliingizwa katika nyumba ya kazi, akavikwa sare, na mara nyingi akatengwa na mkewe. Mwaka 1930 nyumba hizo zikaitwa za msaada wa umma. Kuta zikabaki zile zile, na wazee wakaziogopa vile vile. Sheria ya maskini ilifutwa mwaka 1948. Kisha sheria ya mwaka 2014 ikaziamuru halmashauri, zipimapo mahitaji ya mtu mzima, zimshirikishe mwenyewe. Basi usikiapo neno “matunzo”, usiridhike na utamu wake. Uliza kwanza: je, atunzwaye amesikilizwa?