Kabla Ununue Gari ya Kazi Isiolo, Soma Historia ya Barabara

Wasee, swali ambalo naulizwa sana siku hizi ni hili: "Nina doo kidogo, nataka gari ya kazi hapa Isiolo. Nichukue Prado mzee ama Probox?" Wengi wanataka jibu la neno moja. Langu ni refu kidogo, kwa sababu ukiangalia miaka 70 iliyopita, hapa kwetu barabara ndiyo imekuwa ikichagua gari. Mtu alikuwa analipa tu.

Twende nyuma kidogo. Mkoloni aliuita upande wetu Northern Frontier District, na akaufunga kwa sheria. Kuingia ama kutoka ulihitaji kibali, na Isiolo ndiyo ilikuwa lango. Ukijua habari ya hilo lango, hutashangaa ukisikia mzee anapanda basi la Nairobi akisema anaenda "Kenya."

Mwanzoni doria za serikali huku zilikuwa za ngamia. Halafu 1948, kwa maonyesho ya magari kule Amsterdam, Land Rover ikaonyeshwa mara ya kwanza. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgao, kwa hivyo bodi ikatengenezwa kwa alumini. Ikatokea gari ambayo bodi yake haili kutu, mabati yake yamenyooka hadi unaweza kuyarudisha kwa nyundo, na injini iko wazi unaifikia kwa mkono. Polisi wakapewa, DC akapewa, watu wa wanyamapori wakapewa. George Adamson, yule afisa wa wanyamapori wa Isiolo aliyemlea simba Elsa pamoja na mkewe Joy, kazi yake ilikuwa ya Land Rover. Hakuna aliyeipenda kwa starehe. Ilipendwa kwa sababu ikivunjika porini, inatengenezwa porini.

Uhuru ukaja 1963, lakini kwetu ulikuja na vita vya Shifta, vilivyoendelea hadi 1967. Hali ya hatari ikabaki kwa sheria hadi 1991. Katikati ya hapo, 1965, serikali ikatoa ule waraka maarufu, Sessional Paper Na. 10. Wazo lake lilikuwa kwamba pesa za maendeleo ziende kwanza kwenye ardhi yenye mvua na rutuba, ndiyo zizae haraka. Sisi hatukuwa na mvua. Kwa hivyo lami ilifika Isiolo ikasimama, na kilomita karibu 500 za kwenda Moyale zikabaki vumbi, mawe na matope kwa miongo. Waulize wazazi wako. Watu walisafiri juu ya lori, wamekalia mzigo, kwa msafara wenye polisi wa bunduki sababu ya majambazi, na safari ilikula siku mbili au zaidi.

Hiyo barabara ndiyo iliipa Land Cruiser jina. Toyota walianza kuitengeneza 1951, na ile ya kisanduku tunayoiona kila siku, Series 70, ilitoka 1984. Mwaka 1990 ikaja injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina kompyuta ya kukusumbua. Ikizima pale Laisamis saa nane mchana, dere na utingo wanaifungua hapo kando ya barabara. Mashirika ya misaada yakainunua, polisi wakainunua, hospitali zikainunua. Na hapa ndipo kuna kitu nataka ushike: kadiri zilivyokuwa nyingi, ndivyo mafundi walivyoijua na spea zilivyojaa. Gari ya kuaminika ni vitu vitatu pamoja: chuma kizuri, fundi anayeijua, na spea unayoipata leo hii. Ukitoa kimoja, hiyo gari ni pambo.

Sasa lami. Kipande cha kwanza kilitoka Isiolo hadi Merille, kama kilomita 136, halafu Marsabit, halafu Turbi, na kufikia 2017 unaweza kuendesha hadi Moyale bila kukanyaga vumbi. Safari ya siku mbili ikawa ya siku moja, na unafika mapema. Barabara ilipobadilika, gari ya kazi ikabadilika pia, na hapa ndipo Probox ikaingia kaskazini kama mwenye nyumba.

Lakini Probox haikuanguka kutoka mbinguni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika bandari ya Mombasa. Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na kule ukaguzi wa lazima wa gari una gharama, kwa hivyo watu huuza mapema. Probox yenyewe ilitoka 2002, na Japani ilikuwa gari ya kubeba mizigo ya kampuni, haikuwa ya kuringia. Injini yake ya 1500, ile 1NZ, iko pia kwa Fielder, Premio, Allion na IST. Ona sasa, ni hadithi ileile ya Land Cruiser. Injini moja iko kwa gari nyingi, kwa hivyo kila fundi anaijua na kila duka la spea linayo.

Kwa hivyo yule anayenunua Prado mzee ili aonekane kama mtu wa shirika, halafu kazi yake yote ni Isiolo–Meru na Isiolo–Nanyuki, amenunua gari ya barabara ya babake. Atalipa mafuta mengi, matairi makubwa na spea za bei juu, na hizo barabara zote ni lami. Na yule anayenunua Probox halafu anachukua tenda ya kupeleka watu Merti msimu wa mvua, yeye amenunua gari ya barabara ambayo bado hajajengewa. Nauliza swali moja tu: lami yako inaishia wapi? Andika safari za mwezi mmoja kwenye karatasi. Kama siku tisa kwa kumi uko kwa lami, nunua gari ndogo, na hiyo siku ya kumi ukodishe Cruiser ya mtu. Kama kazi yako ni kuvuka malaga kila wiki, usijidanganye na Probox iliyoinuliwa springi.

Najua kuna mtu ataniambia mitumba ni mitumba, zote ni bahati nasibu. Hapana. Mwaka 1965, Joginder Singh, fundi mzaliwa wa Kericho, alishinda East African Safari Rally akiwa na ndugu yake Jaswant. Gari yao ilikuwa Volvo PV544 iliyokuwa imekimbizwa na timu ya Volvo kwenye mbio za 1964. Yaani mitumba ilishinda mbio ngumu kuliko zote. Siri ni kwamba mwenye gari alikuwa fundi, alijua historia yake na alijua pa kuangalia.

Wewe pia ijue historia ya hiyo gari. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, kwa hivyo kwa 2025 ilikuwa lazima iwe ya 2018 kuendelea, na hizo ni ghali. Wengi wetu tutanunua iliyokwisha kutumika hapa nchini. Basi tafuta rekodi yake NTSA kupitia eCitizen: jina la mwenyewe linalingana na la muuzaji? Kuna benki inaidai? Nenda asubuhi injini ikiwa baridi, uiwashe mwenyewe. Ukikuta wameshaipasha moto, jiulize kwa nini. Angalia moshi, angalia mafuta ya giaboksi, ingia chini uone kama chesisi imechomelewa. Usiamini namba ya kilomita, amini pedali zilizolika na usukani uliochakaa. Ipandishe mlima wa kuelekea Subuiga uone kama itachemka. Na fundi awe wako. Yule wa muuzaji analipwa na muuzaji.

Mbona niko serious hivi? Kwa sababu ya zile pesa zinatoka wapi. Ule ukame wa 2020 hadi 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini, na kaskazini ndiyo iliumia zaidi. Naona familia mtaani zinauza ng'ombe waliobaki ili kijana apate gari ya kazi. Hiyo si pesa ya kujaribia. Mzee hanunui ngamia bila kuuliza mamake alikuwa wa aina gani, alitoa maziwa kiasi gani, alivumilia kiu siku ngapi. Halafu sisi, watoto wa hao wazee, tunanunua gari kwa picha ya simu na rimu za kung'aa.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya historia wala ya injinia. Lakini barabara hii iko wazi kwa kila mtu kuisoma. Sasa hivi njia ya Modogashe hadi Wajir inajengwa kipande kwa kipande, na lami ikifika, gari ya kazi ya huko itabadilika tena. Anayefikiria mbele ataiona kabla ya wengine.

Niambie kwenye komenti: kazi yako ni gani, na lami yako inaishia wapi? Tupige hesabu pamoja kabla mzee hajapeleka ng'ombe sokoni.