Siku ya Mapumziko Isiyofika Lafey: Kazi ya Nyumbani na Mtoto Aliyebaki kwa Nyanya

Mjadala wa Kenya kuhusu wafanyakazi wa nyumbani walioacha watoto umezoea kuanzia Riyadh na Jeddah, na sababu ipo. Novemba 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliwaambia wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudi Arabia tangu 2020. Mei 2025 Amnesty International ilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na wanawake zaidi ya 70 waliofanya kazi huko: kutwa ya zaidi ya saa 16, mshahara wa wastani wa riyali 900 kwa mwezi, pasipoti mikononi mwa mwajiri. Hasira iliyozuka ilistahili. Hata hivyo, imetuzoesha kuamini kwamba kinachomtenga mama na mwanawe ni bahari. Ukilitazama jambo hili kutoka Lafey, sehemu ya Kaunti ya Mandera inayopakana na Somalia, utakuta kwamba mama anaweza kuwa yaya mtaani Eastleigh, Nairobi, chini ya katiba ileile inayomlinda mwanawe, na bado mwaka ukapita hajamtia machoni. Dai langu ni kwamba mtengano huu hausababishwi na umbali, wala na uamuzi wa kumwacha mtoto kwa nyanya. Unasababishwa na kazi na sheria zilizopangwa kana kwamba mfanyakazi hana mahali pa kurudi.

Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliandika mwaka 2000 kuhusu mnyororo wa malezi unaovuka mipaka: mama tajiri humwajiri mhamiaji, mhamiaji naye humwachia mtoto wake ndugu au yaya wa malipo duni zaidi, na kila hatua thamani ya malezi hushuka. Mwanasosholojia mwenzake Rhacel Parreñas aliutafiti mnyororo huo kwa wanawake wa Ufilipino waliofanya kazi Roma na Los Angeles. Nadharia hii imetufaa sana, ila imebeba picha moja ya familia: mama yuko nyumbani, akitoka pengo hutokea. Familia za wafugaji wa Kisomali, kama za Lafey, hazikuishi hivyo. Mtoto kukaa kwa nyanya ni malezi kamili, yenye heshima yake. Tena wafugaji ni mabingwa wa kugawana kaya: vijana huwapeleka ngamia mbali, kina mama, wazee na watoto hubaki na mbuzi karibu na kisima. Mgawanyo huo huvumilika kwa sababu una kikomo kinachojulikana. Mvua za gu, yaani masika, zikinyesha, watu hukutana. Kazi ya kulala kwa tajiri mjini imekifuta kikomo hicho, na hapo ndipo uchungu ulipo.

Wengi hawakuichagua kazi hiyo. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa katika kaunti kame za Kenya. Aliyepoteza mbuzi wake hubaki na nguvu za mikono yake tu, na sheria yenyewe humwelekeza wapi pa kwenda kuziuza. Amri ya mishahara ya 2022 iliweka kima cha chini cha yaya na mtumishi wa nyumbani kuwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi jijini Nairobi, Mombasa na Kisumu. Katika maeneo yasiyokuwa majiji wala manispaa, Lafey ikiwemo, kima hicho kilikuwa shilingi 8,109.90. Najua wengi hawalipwi hata hicho kidogo. Lakini amri ya serikali ni kauli pia, na kauli hii inasema kwamba kumwogesha na kumlisha mtoto wa watu karibu na kwenu kunastahili kama nusu ya malipo ya kazi hiyohiyo ikifanywa mbali. Mama anayekaa karibu na mwanawe anatozwa faini kimyakimya.

Akishafika Nairobi, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi baada ya mwaka. Kwa yaya anayetoka Kiambu, Jumapili moja yamtosha kwenda, kumsuka mtoto nywele, kukagua madaftari yake na kurudi. Wa Lafey ana safari ya karibu kilomita 1,000 mbele yake, kupitia Garissa, Wajir na Elwak, na upande wa Mandera mabasi husindikizwa na polisi. Hakuna aliyesahau basi la Mandera la Novemba 2014, ambapo abiria 28 waliuawa. Kwa hiyo Jumapili yake huishia palepale Eastleigh, na mara nyingi huishia jikoni.

Njiani kuna suala la kipande, yaani kitambulisho. Kwa miaka mingi abiria wa Kaskazini Mashariki wameshushwa kwenye vizuizi, hasa penye daraja la Tana pale Garissa, wakapanga foleni vitambulisho mkononi huku basi likiwasubiri. Asiye na kipande hajui kama atavuka. Vijana wa kaunti hizi walilazimika kuhojiwa na kamati za ziada kabla ya kupewa kitambulisho, utaratibu ambao Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuufuta. Tangazo hilo ni haki iliyochelewa. Lakini msichana aliyeondoka bila karatasi miaka kadhaa kabla yake aliondoka akijua kwamba kurudi kumwona mtoto ni kuvuka kizuizi mara mbili.

Husemwa kwamba siku hizi simu imemaliza tatizo. Simu husaidia pale penye mtandao, na minara ya Mandera imelipuliwa na Al-Shabaab mara kwa mara. Pesa huweza kufika kwa hawala, sauti isifike. Hata pesa ina mpaka wake: mama hutuma ya sare na madaftari, ilhali mwalimu hayupo. Baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Garissa, Januari 2020, Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha walimu wasio wenyeji kutoka kaunti za eneo hili. Mtoto akabaki na dugsi, yaani chuo cha Kurani, na nyanya yake, na bidii ya mama ikakosa cha kununua.

Waajiri watasema nao wana watoto na kazi, na ni kweli. Ndiyo maana pendekezo langu ni dogo. Anayelala kazini na ambaye kwao hakufikiki kwa siku moja aruhusiwe kisheria kulimbikiza mapumziko yake. Ya miezi mitatu pekee ni siku 13. Siku hizo, au likizo yake ya mwaka, ziangukie Agosti au Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Na nauli ya kwenda na kurudi mara moja kwa mwaka iandikwe ndani ya amri ya mishahara kama sehemu ya kima cha chini, ilipwe na yule ambaye mtoto wake alilelewa mwaka mzima.